Mapacha Kwenye Nyumba Yenye Heshima Mno

Mume wangu ni katekista, na kabla sijaendelea lazima nieleze maana yake nyumbani kwetu. Maana yake ni kwamba ng'ombe wa jirani akiingia shambani na kufyeka mahindi, mume wangu anatoka, anasimama mbele ya huyo ng'ombe, na kumwomba aondoke. Nyundo ikimpiga kidole anasema "Mama Maria," kisha anakaa kimya, kidole kinavimba, naye anakitazama tu. Tangu tujuane sikuwahi kumsikia akimtukana mtu wala mnyama. Mimi nauza mchele soko la Mpanda, na mchele hauuzwi kwa upole. Siku ya harusi yetu watu walinong'ona kwamba huyu bwana hatamaliza mwaka. Amemaliza, na mchele wangu anaula vizuri tu.

Mimba ilipokuja, tulikwenda kupima, yule mpimaji akazungusha kile kifaa chake tumboni, akarudi, akazungusha tena, akasema, "Wako wawili." Mimi nilicheka mpaka mafuta waliyonipaka yakamwagika kwenye shuka. Mume wangu alifanya ishara ya msalaba. Kwenye bajaji, tukirudi Mwamkulu, tulipokaribia nyumbani, akaniinamia sikioni kama mtu anayetoa siri ya serikali.

"Tusimwambie shangazi."

Shangazi yake ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Anaishi Mpimbwe, analima mpunga, ni mfupi kuliko jembe lake, na sauti yake ikitoka shambani inafika ng'ambo ya mto bila kuchoka. Nampenda sana yule mama. Lakini nilielewa mara moja mume wangu alikuwa anakimbia nini.

Kwao, na hata kwetu, mapacha hawapokelewi kwa heshima. Mtoto akija mmoja, watu wanampongeza mama, wanaleta unga wa uji, wanakwenda zao. Wakija wawili, ndugu wanajipanga mlangoni na kuwatukana wazazi. Ni matusi ya kuimbwa na kuchezwa, yanayotaja viungo ambavyo siku nyingine ukivitaja hadharani unaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Wazazi hawaruhusiwi kununa. Wanatakiwa wajibu, tena kwa nguvu, mpaka kila mtu achoke kwa kucheka. Shangazi alinieleza sababu yake zamani, kwenye msiba wa mtu mwingine, tukimenya viazi. Mapacha wakikuta nyumba yenye heshima mno, alisema, wanadhani wamekosea mlango, na mmoja wao anageuka na kurudi alikotoka.

Sasa fikiria mtu asiyeweza kumfokea ng'ombe anaambiwa asimame mbele ya ukoo mzima amtukane shangazi aliyemnywesha uji. Mpango wake ulikuwa watoto wazaliwe kimya kimya, padri awabariki, halafu shangazi apigiwe simu na kupewa taarifa kwa adabu. Nilimwambia mpango huo ni wa kijinga, kwa sababu tumbo langu lenyewe lilikuwa limeshaanza kutoa taarifa. Shangazi alipokuja kututembelea alinizunguka mara moja akauliza, "Mbona hili tumbo limekaa kama mkutano?"

"Mungu ni mwema, shangazi," akajibu mume wangu, akatoka nje kukagua paa.

Watoto hawakusubiri mpango wa mtu. Siku zao zilikuwa bado kabisa. Nilikuwa sokoni nampimia mchele mama mmoja wa Magamba, mmoja wa wale ambao ukishawapimia wanasimama tu na kusema "niongeze." Nikahisi maji miguuni, nikadhani kuna mtu kamwaga ndoo, nikageuka nimkabili. Hapakuwa na ndoo. Yule mama alinitazama miguu, akanitazama usoni, akasema, "Pole, dada. Lakini niongeze kwanza." Nilimwongezea, Mungu ananiona, nikapakiwa kwenye bajaji huku nashikilia kopo la kupimia.

Jioni ile walikuwa wameshazaliwa. Alianza msichana, akatoka na kelele kama aliyedhulumiwa. Akafuata mvulana, yeye hakusema kitu. Walimkimbiza pembeni wakampa hewa, nami nikalala pale nikisikiliza kimya chake, na sijawahi kusikiliza kitu kwa nguvu namna ile. Hatimaye kikatoka kisauti, chembamba sana. Njiti wote wawili. Nilipooneshwa nilishtuka. Nilikuwa nimetarajia watoto, nikaletewa viganja viwili vyenye uso. Kofia niliyofuma kwa kukadiria kichwa cha mtoto ilimfunika mvulana mpaka kidevuni, ikabidi tuikunje kama soksi. Majina tuliyaweka akiba kwanza. Msichana tukamwita Mkubwa, mvulana Mdogo, ingawa tofauti yao ilikuwa kama ya punje mbili za mchele, moja ikiwa chenga.

Tukahamishiwa wodi ya kangaruu. Nesi mkuu wa pale, mama mnene asiyependa kurudia maneno, alitupa somo. Njiti hakai kitandani. Njiti anakaa kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kitenge, mchana na usiku, mpaka apate uzito wa kutosha. Mkubwa alikuwa ananyonya kidogo. Mdogo alikuwa hajui kunyonya, analishwa kwa mrija. Tena ana tabia moja, nesi akasema: anasahau kupumua.

"Anasahau?" nikauliza. "Kupumua?"

"Wengi wanasahau, bado hawajazoea. Ukimwona amenyamaza sana, msugue mgongo, mpige kidole unyayoni. Atakumbuka. Asipokumbuka, niite." Kisha akamgeukia mume wangu. "Baba, vua shati."

Katika ndoa yetu yote, mimi mwenyewe nilikuwa sijakiona vizuri kifua cha mume wangu mchana. Yule ni mtu wa fulana ndani, shati juu, kifungo cha shingoni kimefungwa hata jua la Oktoba likiwaka. Na sasa alikuwa kwenye wodi iliyojaa wanawake, wote wameacha vifua wazi, yeye akitafuta ukuta wa kutazama na kila ukuta una mama anayekamua maziwa. Akafungua kifungo kimoja kimoja, amefumba macho. Mama wa kitanda cha jirani, mwanamke mcheshi aliyekuwa na njiti wake mmoja, akampigia makofi.

"Mwalimu! Kumbe na wewe una kifua!"

Mdogo akawekwa pale katikati, shavu kwenye mfupa. Mume wangu alifumbua macho, akamtazama. Toka siku ile hakuona aibu tena ya wodi ile. Alikuwa anaondoka kwenda kufundisha dini na kurudi mbio, akiingia mlangoni tayari anafungua vifungo. Alimnong'oneza Mdogo rozari nzima, tendo baada ya tendo. Mimi nilikuwa na Mkubwa. Na kila asubuhi tulipeleka watoto mzanini.

Mimi nimeishi na mizani. Najua inavyochezewa, najua gunia lenye unyevu na gunia lenye mawe. Lakini mzani ule wa wodini niliuogopa. Mkubwa alikuwa anapanda kidogo kidogo. Mdogo leo anapanda, kesho anashuka, keshokutwa amesimama palepale. Nesi hakuwa akisema kitu, anamvisha tu kofia yake na kunirudishia, na kile kimya chake kilikuwa kinaniudhi kuliko kama angenifokea.

Dhamiri ikamshinda mume wangu. Akampigia simu shangazi na kumwambia yote. Shangazi alikata simu. Kesho yake mchana alikuwa ameshashuka stendi ya Mpanda, ana unga wa uji, ana kanga mbili mpya, na ana hasira ya tangu Mpimbwe.

Nesi hakumruhusu kuingia. Wageni wa nje walikuwa hawaingii wodini na vumbi la safari, watoto wale hawawezi. Shangazi hakubishana. Alizunguka nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia nguo, akalipata dirisha letu, akapanda juu ya tofali mbili, na uso wake ukatokea kwenye nondo.

"Kwa hiyo mmewaficha," akasema. "Ndiyo maana wamekuja mbio. Hamkuwaalika."

"Shangazi, tumsifu Yesu Kristo," akasema mume wangu.

"Milele amina. Umefunga nini kifuani?"

Akamweleza habari ya kangaruu, kwamba ni mnyama anayebeba mtoto wake kwenye mfuko wa tumboni. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mnyama yuko hapa Katavi?"

"Hapana, shangazi."

"Rukwa yupo?"

"Yuko mbali, ng'ambo ya bahari."

"Basi nyie ni watu wa ajabu. Mila ya mnyama msiyemjua mnaifuata, mila ya shangazi yenu mnaikimbia."

Wodi nzima ikacheka, na nesi, nilimwona, akageuza uso. Shangazi akaona amepata watu. Akashika nondo, akaanza kuimba. Nesi akalifuata dirisha.

"Mama, hapa hatuimbi."

"Siimbi, mwanangu. Natukana."

Nesi akafikiri kidogo. Baadaye tulijua kwamba yeye mwenyewe alizaliwa pacha. "Basi tukana polepole," akasema. "Kuna watoto wamelala."

Ikawa ndiyo desturi ya kila jioni muda wa kuona wagonjwa. Shangazi alikuwa amefikia kwa ndugu pale mjini, na saa kumi ikigonga yuko juu ya tofali zake. Naandika hapa yale tu ambayo karatasi inaweza kuyavumilia. Kwangu aliimba kwamba mama mapacha ni mlafi, wenzake wanabeba mmoja yeye amebeba wawili kama anayehama. Nikamjibu papo hapo jambo lililohusu makalio yake na zile tofali, akafurahi mpaka akashuka kupumzika. Upande wangu ulikuwa umekwisha. Tatizo lilikuwa baba.

"Baba mapacha, miguu kama fito za banda!" shangazi akaimba kwa sauti ya chini. "Mchana ameshika rozari, usiku kashika nini?"

Akina mama walijifunika vitenge usoni kwa kucheka. Wote wakamtazama mume wangu, wakingoja. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Ahsante, shangazi," akasema.

Nilimfundisha. Nilikaa naye kwenye benchi la nje nikamfundisha kama anavyofundisha yeye watoto wa komunyo ya kwanza. Nikamwambia sema tu "mshenzi," ni neno dogo, halina hata mfupa. Akafungua mdomo, akaufunga. Jioni ile alisimama mbele ya dirisha, Mdogo kifuani, akakohoa, akamwambia shangazi yake, "Wewe... hukunitendea haki."

"Mwalimu," akasema yule jirani yetu, "hilo ni lalamiko, siyo tusi."

Tulicheka sana. Asubuhi iliyofuata Mdogo alikuwa ameshuka tena, safari hii ameshuka vibaya. Nesi alimpima mara ya pili, kisha akaenda kumwita daktari, na daktari akaongeza kitu kwenye mrija na kusema tungoje. Tungoje nini, hakusema. Nilikwenda nyuma kwenye mabomba, nikalia, nikaipiga teke ndoo ya mtu. Shangazi alinikuta pale. Hakunitukana. Aliiokota ndoo akairudisha mahali pake.

"Mkwe wangu, mimi mashine zenu sizijui. Lakini yule mtoto ninamwona dirishani. Amekaa kama mgeni. Hajafungua mzigo wake."

"Shangazi," nikamwambia, na sikuwa na adabu, "mtoto hali matusi. Mtoto anakula maziwa."

"Na maziwa anayakataa," akasema taratibu.

Niliogopa. Nilikuwa nimeogopa tangu sokoni, ila nilikuwa nimepata watu wengi wa kugombana nao.

Jioni ile shangazi alikuja kama kawaida, lakini hakuwa na moyo. Aliimba ubeti mmoja wa fito za banda akanyamaza, akabaki ameshika nondo. Mimi nilikuwa nakamua maziwa kwenye kikombe, Mkubwa amelala ndani ya kitenge changu. Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamnong'oneza Mdogo rozari. Alikuwa katikati ya Salamu Maria. Akakatisha.

Mume wangu hakatishi sala. Nikainua macho. Alikuwa amemtoa Mdogo kidogo kwenye kitenge, anamtazama. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Akamsugua mgongo. Akampiga kidole unyayoni, mara moja, mara nyingine. Mkono wa mtoto ulining'inia. Nilifungua mdomo nimwite nesi, sauti haikutoka, mimi ambaye sauti yangu ndiyo duka langu. Kikombe kikaanguka.

Ndipo nikamsikia.

"Pumua!" Sikujua ni nani. Nilidhani kuna mwanamume mwingine ameingia wodini. "Pumua, we mshenzi! Pumua, we mbwa! Umekuja na haraka zako zote, umemtoa mama yako sokoni, umenivua shati mbele za watu, halafu unafika hapa unachoka? Nani kakwambia uchoke? Pumua, mwanaharamu mkubwa wewe! Kichwa kama limao! Makalio huna! Pumua, mjinga, mlaaniwa, pumua!" Na kila tusi kidole chake kinapiga ule unyayo, na mkono wa pili unasugua ule mgongo, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Yalifuata mengine ambayo sikujua kama anayajua. Mengine hata mimi sikuwa nayo.

Nesi alikuja mbio, jinsi alivyo mnene. Alikuwa hajafika kitandani Mdogo alipojikunja, akavuta pumzi kwa kishindo, akalia. Hakulia kile kilio chake chembamba. Alilia kama dada yake, kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa na hakubali. Nesi akamchukua, akamwekea hewa, akamsikiliza kifua, akamsikiliza tena. Rangi ikarudi kwenye midomo.

"Anapumua," akasema. Akamtazama mume wangu, naye anahema kuliko mtoto. "Baba, siku nyingine niite kwanza, utukane baadaye."

Kisha nje, kwenye kamba za nguo, shangazi alipiga vigelegele, akavipiga mpaka watu wa wodi nyingine wakatoka kuchungulia.

"Kajibu! Baba mapacha kajibu! Mwanangu kajibu!"

Ndani, yule mama jirani ndiye aliyetangulia kusema. "Ila, Mwalimu," akasema, anapangusa macho, "hapo kwenye mwanaharamu umekosea. Nyie si mmefunga ndoa kanisani?"

Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka vibaya, kama mtu aliyekuwa hajajifunza, analia na kucheka kwa pamoja. Nesi akamrudishia mtoto, na nikamwona Mdogo anatikisika pale kifuani kila baba yake akitikisika, amefumbua jicho moja.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Alisahau tena kupumua, si mara moja. Lakini alianza kupanda. Akajua kunyonya, na alipojua hakutaka kuacha, akanyonya kama anayedai. Shangazi alisema ni matusi. Nesi alisema ni mrija, joto na uangalizi. Padri alipokuja kuwabariki wagonjwa alisema ni sala. Mimi ndiye niliyeamka kila saa kukamua, na hakuna aliyeniuliza.

Siku tuliyoruhusiwa, shangazi aliingia kwa mlango, amenawa mpaka viwiko, akawapakata wote wawili kwa mara ya kwanza. Nesi akatukumbusha kwamba kangaruu inaendelea hata nyumbani mpaka watoto wenyewe waikatae.

Jumamosi ya kwanza tukiwa Mwamkulu, mume wangu alifunga shati lake mpaka shingoni, akapanda bodaboda kwenda mjini kuungama. Yale maneno yalikuwa yanamwasha. Alikuwa hajakaribia komunyo tangu siku ile, na katekista asiyekomunika watu wanamwangalia. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, nilikuwa nimempakata Mkubwa, Mdogo yuko kwa shangazi mlangoni.

"Umeungama?" nikauliza.

"Nimeungama yote. Neno kwa neno. Padri aliniomba nirudie mengine, nadhani hakuwa ameyasikia kabla."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama najuta."

Shangazi aliacha kumbembeleza mtoto akasikiliza. Mume wangu alisimama pale mlangoni, anafungua vifungo, kimoja kimoja, macho wazi. Akampokea Mdogo, akamlaza mahali pake, shavu kwenye mfupa, akatega sikio mpaka aliposikia anachokitaka.

"Nimemwambia ukweli," akasema. "Huyu akisahau kupumua tena, namtukana tena."